Masomo ya Udaktari Hayaishi, Siku Ndiyo Iwekewe Kikomo

Wiki ina saa 168. Mwanafunzi wa udaktari aliye katika miaka ya sayansi za msingi, yaani anatomia, fiziolojia, biokemia na mengineyo, akilala saa 8 kila usiku ameshatumia 56. Mihadhara, maabara na vipindi vya kupasua maiti vikimchukulia 30, kujisomea 28, na kula, kuoga, kufua na kusafiri saa 3 kwa siku, jumla ni 135. Zinabaki 33. Tuseme njia ni ndefu na vipindi vimezidi, tumpunguzie kwa ukali: bado zinabaki 20. Ukimuuliza mwanafunzi huyo ni lini mara ya mwisho alikaa saa mbili na rafiki asiye wa darasani kwake bila kuchungulia saa, mara nyingi atafikiri kwanza.

Kwa hiyo maisha ya kijamii ya mwanafunzi wa udaktari hayafi kwa uhaba wa saa. Yanakufa kwa sababu yamepangwa nyuma ya kitu kisicho na mwisho. "Nikimaliza kusoma nitakuja" ni ahadi isiyowezekana, hata mtoa ahadi awe mkweli kiasi gani, maana siku ya kumaliza haipo. Kitabu cha patholojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoathiri mwili, kina kurasa zaidi ya elfu. Ukimaliza sura kuna maswali ya miaka iliyopita, ukimaliza maswali kuna video, na ukimaliza video mwenzako ametuma muhtasari mpya kwenye kundi la darasa. Anayesubiri kazi iishe ndipo aende kwa watu atasubiri miaka 5 au 6, kisha mafunzo kazini, kisha ubingwa.

Kinachoweza kuisha ni siku. Siku ina kikomo ukiiwekea, na hapo ndipo mizania inapopatikana au kukosekana. Lakini kikomo kikiwekwa juu ya usomaji mbovu kitaleta matokeo mabaya tu, basi tuanze na usomaji wenyewe, kwa sababu ndio unaokula jioni nyingi kuliko mihadhara.

Njia inayopendwa na wengi ni kusoma, kurudia kusoma, na kupaka mistari rangi. Inapendeza kwa sababu kila ukirudia maneno yanakuwa mepesi machoni, na wepesi huo tunaudhania kuwa ni kujua. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma matini mara 4. Jingine liliisoma mara 1, kisha likajaribu mara 3 kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 40, na wale waliojijaribu asilimia 61. Tena kundi la kusoma mara 4 ndilo lililokuwa na uhakika zaidi kwamba litakumbuka. Mwanafunzi wa udaktari hafanyi mtihani baada ya dakika 5.

Chukua mtandao wa neva za mkono, ule wa pleksasi ya brakia, ambao umewakosesha watu usingizi tangu anatomia ianze kufundishwa. Una mizizi 5 kutoka C5 hadi T1, yaani neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, vigogo 3, migawanyiko 6, kamba 3 na matawi makuu 5 ya mwisho. Mwanafunzi akiusoma kitabuni kwa saa 3 za jioni, akanakili mchoro kwa rangi nne tofauti, atalala ameridhika. Wiki ijayo, mgonjwa wa mfano akiwa na kifundo cha mkono kilicholegea, hakumbuki ni neva ya redia wala inatoka kamba ipi. Njia nyingine ni kusoma dakika 25, kufunga kitabu, na kuuchora kwenye karatasi tupu. Mara ya kwanza mchoro utakwama kwenye migawanyiko. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, funga, chora tena. Hapo zimekwenda dakika 50. Uchore tena kesho, siku ya nne, siku ya kumi, na baada ya wiki tatu, kila mara dakika 5 hadi 8. Jumla haifiki saa moja na nusu, na unabaki nao hadi wodini. Zile saa nyingine zilikuwa za rafiki yako, na zililiwa na kalamu za rangi.

Wanaotumia programu za kadi za maswali, zinazorudisha kila kadi baada ya siku kadhaa ili uijibu tena, nao wana shimo lao. Kadi mpya 20 kwa siku huzaa, baada ya wiki chache, marudio yapatayo 200 kila siku. Anayeanza muhula kwa shauku na kuweka kadi mpya 80 kwa siku amejifunga deni ambalo litamkuta mwezi wa pili, na kwa kuwa deni hilo hutokea kwenye simu kama namba inayopanda, humfuata hadi kwenye sherehe. Weka kadi mpya kati ya 20 na 40, futa zisizouliza kitu kimoja kilicho wazi, na ukipitwa na siku tatu usijaribu kulipa zote kwa usiku mmoja: simamisha kadi mpya, gawanya mabaki kwa siku tano.

Usomaji ukishakaa sawa, kikomo kinawezekana. Chagua saa ya kufunga, kwa mfano saa mbili na nusu usiku siku za vipindi, na Jumamosi saa tisa alasiri. Saa hiyo ni ya kufunga kweli. Shida ni kwamba akili haifungi kwa sababu kitabu kimefungwa. Mtu yuko mezani na wenzake, mwili upo, kichwa kinazungusha mzunguko wa Krebs, zile hatua za seli kutengeneza nishati. Dawa ya hilo ni dakika 10 za mwisho: andika umeishia wapi, ni swali gani moja limekushinda, na kesho utaanza na nini, saa ngapi. Utafiti wa Masicampo na Baumeister uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kazi ambayo haijakwisha huacha kusumbua fikra mtu akishaandika mpango mahususi wa kuikamilisha. Kazi haihitaji kuisha, inahitaji kupewa saa. Anayeondoka bila kuandika hulipia kwa kutoa simu mfukoni kila baada ya dakika kumi, na waliokuja kumwona wanaliona hilo hata wasiposema.

Na simu hiyo isiwe na kadi za kurudia wakati uko na watu. Kadi 15 ulizobonyeza chini ya meza hujazisoma na mazungumzo hujayasikia.

Upande wa pili wa kazi ni kuwapa watu saa badala ya nia. Tofauti inaonekana kwenye ujumbe mmoja wa simu. "Tutafutane wiki ijayo nikipata nafasi" humwachia mwenzako kazi ya kubahatisha, na baada ya mara tatu ataacha kukutafuta. "Jumamosi saa kumi jioni hadi saa moja usiku nipo, nije kwako au tukutane njiani?" ni miadi. Ina mwanzo, na ina mwisho pia, na mwisho huo ndio unaomwezesha mwanafunzi kuja bila hatia na kuondoka bila ugomvi. Miadi ya wiki isipungue miwili: mmoja mrefu wa saa 2 hadi 3, na mwingine mfupi wa dakika 30 hadi 45, hata wa simu kwa wazazi au ndugu walio mbali. Iandike kwenye ratiba mwanzoni mwa muhula, siku ileile unapoandika tarehe za mitihani, kabla ya kugawa saa za kusoma. Kitakachoingia mwisho ndicho kitakachominywa, na kusoma kunajua kujitafutia nafasi.

Kati ya shughuli zote za nje ya darasa, bora ni ile ambayo watu wengine watakuona umekosekana. Timu, kwaya, kikundi cha ibada, mazoezi ya mchezo fulani: hivi vina siku na saa, na ukikosa mara mbili mtu anauliza. Mpango wa "kutoka kidogo" hauna anayeuliza. Chukua kimoja tu, ukishike. Uongozi wa vyama nao ni mzuri, ila nafasi moja kwa wakati mmoja, na si katika mwaka wa kwanza wa wodini, kwa sababu mikutano ya viongozi hupangwa jioni zilezile ambazo orodha ya zamu itakunyang'anya.

Sasa suala la ni watu gani. Wanafunzi wengi wa udaktari huishia na marafiki wa darasani peke yao, na ni rahisi kuelewa: ratiba ni moja, lugha ni moja, mateso ni yaleyale. Hao wanahitajika, na wengine watakuwa marafiki wa maisha. Lakini duara likiwa la wanadarasa watupu, kila kikao hugeuka kuwa kikao cha mtihani. Mmoja anataja swali, wa pili anasema yeye alishamaliza sura hiyo, wa tatu anarudi chumbani na wasiwasi aliokuwa hana. Mtu mmoja au wawili wasiojua mtihani wako uko lini, ambao watakusimulia mambo yasiyohusu figo, ni hitaji la lazima. Hutampata mtu wa namna hiyo mwaka wa nne kama ulimwacha mwaka wa kwanza.

Diskasheni za usiku nazo zitazamwe kwa jicho kali. Watu wanane, muda wa saa nne, chumba kimoja: saa moja ya masomo imetandazwa juu ya saa tatu za soga. Watu huondoka wakiwa hawajasoma vya kutosha na hawajapumzika, kisha wanahesabu muda wote kama masomo na kujinyima mapumziko halali. Kikundi kinachofanya kazi kina watu 3 au 4, dakika 90, na kila mmoja anakuja na maswali 5 aliyoyaandika yeye, majibu yakiwa yamefichwa. Anayekuja mikono mitupu hajibu, anasikiliza. Muda ukifika kikao kinavunjwa, na anayetaka soga akae kwa ajili ya soga. Soga ni jambo jema, ipewe nafasi yake yenye jina lake.

Kuhusu mapenzi nitasema machache. Mwenza asiye wa fani hii hashindwi na wingi wa saa zako, anashindwa na kutotabirika kwako. Mpe kalenda ya mitihani na zamu siku ileile inapotoka. Wenza wawili wa darasa moja wana tatizo tofauti: wanaonana siku nzima na hawajaonana, kwa sababu muda wote ni wa masomo. Hao nao wanahitaji miadi.

Miaka ya wodini inabadilisha hesabu yote, na hapa ndipo ratiba nzuri za miaka ya mwanzo huvunjika. Raundi za kupitia wagonjwa wodini, kliniki, zamu na chumba cha upasuaji vinaweza kufika saa 50 kwa wiki. Usingizi 56, kujisomea 15, mahitaji ya mwili na njia 21: jumla 142, zinabaki 26. Namba si mbaya. Tatizo ni kwamba saa 26 hizo zimekatwakatwa, nyingine zinakuja Jumanne asubuhi baada ya zamu ya usiku wakati kila mtu yuko kazini, na nguvu za kuzitumia hazipo. Anayeendelea na miadi yake ya "kila Ijumaa jioni" ataivunja mara tatu katika mwezi wa kwanza, atajiona mbaya, na ataacha kabisa. Badilisha kipimo: badala ya siku maalumu kwa wiki, hesabu kwa wiki mbili. Miadi mirefu miwili ndani ya siku 14, ipangwe siku orodha ya zamu inapotoka, si baadaye.

Kubadilishana zamu ni ufundi. Anayeomba kwa kueleza shida zake hupewa pole. Anayeomba kwa ofa kamili hupewa zamu: "Nina Alhamisi ya tarehe 14 usiku, wewe una Jumapili ya tarehe 17 mchana, tubadilishane?" Omba wiki mbili kabla, pata jibu kwa maandishi, mwarifu msimamizi wa orodha, na hakikisha jina limebadilishwa kwenye karatasi iliyobandikwa. Zamu inayobadilishwa kwa mdomo kwenye ngazi ndiyo inayoacha wodi bila mtu na urafiki ukiwa na kidonda. Na kumbuka nani alikufaa. Mwenye kupokea kila mara bila kutoa hukosa wa kumwomba ifikapo siku ya harusi ya dada yake.

Wodini kuna pia saa zinazopotea kwa kusimama tu. Raundi imekwisha, kazi zimekwisha, na mwanafunzi anazurura kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Uliza kwa heshima: "Daktari, kuna jambo jingine la kusaidia kabla sijaondoka?" Mara nyingi jibu ni hapana, nenda. Na zile dakika 20 kati ya raundi na kliniki zitumike hapohapo: msome mgonjwa mmoja uliyemchukulia historia leo, ugonjwa wake, dawa zake na sababu ya kila dawa. Utakachosoma ukiwa umetoka kwa mgonjwa hakitakudai jioni.

Onyo moja halina mjadala. Usiku wa zamu usifuatwe na safari ya kuendesha kwenda kwenye sherehe. Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Lala kwanza, au panda gari la mwingine, au sogeza miadi. Na wasiolala vizuri wasijipime kwa hisia: mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake waliwalaza watu saa 6 kwa usiku kwa wiki mbili, na uwezo wao wa umakini ukashuka kama wa aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo, ilhali wao wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Hii ndiyo sababu sitoi saa za marafiki kwenye fungu la usingizi. Anayekopa huko hulipa kwenye masomo na kwa watu vilevile, kwa kuwa mtu mwenye usingizi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kusikiliza.

Majira ya mitihani yanahitaji kupunguza, na kupunguza si kufuta. Wiki 4 kabla, miadi mirefu ishuke kutoka saa 3 hadi saa 1 na nusu. Wiki 2 za mwisho zibaki na simu za dakika 15 na matembezi ya nusu saa na mtu mmoja. Waambie watu tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na ya kumaliza ndiyo muhimu zaidi, kisha uitimize. Anayetoweka wiki sita bila neno hujikuta baada ya mtihani ana mapumziko na hana wa kupumzika naye.

Na kama matokeo yameshuka? Kosa la haraka ni kuwakata watu. Kabla ya hapo kagua wiki mbili zilizopita: ni maswali mangapi ulijibu bila kitabu, na ni kurasa ngapi ulizisoma tu? Ulilala saa ngapi? Ikiwa maswali ni machache na usingizi ni haba, kuondoa saa 4 za marafiki kutaongeza saa 4 za usomaji uleule usiofaa. Ikiwa njia ni sahihi na bado saa hazitoshi, labda kwa sababu ya kazi ya kujipatia kipato au mtoto wa kulea, basi punguza kweli, anza na nafasi za uongozi na makundi ya mtandaoni, na umwendee mshauri wa wanafunzi kabla ya mtihani wa marudio.

Wapo wanaosema udaktari ni wito, na mwenye wito hadai jioni. Nawaheshimu, lakini hawajaangalia gharama. Uchambuzi wa Lisa Rotenstein na wenzake wa mwaka 2016, uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari, na kati ya waliokuwa na dalili ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Mwanafunzi ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana hamu ya chochote, halali au analala kupita kiasi, na anakwepa hata watu aliokuwa akiwapenda, hana tatizo la ratiba. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili, na akiwa na mawazo ya kujidhuru, aonwe leo. Wa kwanza kuligundua hilo huwa ni rafiki aliyezoea kumwona kila Jumamosi.

Vyuo navyo vina sehemu yao, na ni sehemu kubwa. Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani kilipoacha kutoa madaraja katika miaka miwili ya kwanza na kubaki na kufaulu au kufeli, hali ya wanafunzi ilikuwa bora na ufaulu haukushuka, kama ripoti ya mwaka 2009 ilivyoeleza. Kuanzia Januari 2022, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari nchini humo nayo imeacha kutoa alama. Mageuzi ya aina hiyo huchukua miaka. Jambo la muhula huu ni dogo zaidi, na kiongozi wa darasa anaweza kulipeleka kwa mkuu wa idara kwa barua ya ukurasa mmoja: orodha ya zamu itoke wiki 4 kabla, tarehe za majaribio zisihamishwe ndani ya siku 10 za mwisho, na alasiri moja kwa wiki iachwe bila kipindi kwa darasa zima, ileile kila wiki.